Mabishano ya Mlimani yalipofika Moshi

Machi 1979, wakati mawingu ya masika yanaanza kukifunika Kibo, mji wa Moshi ulipokea wageni ambao hawakuja kupanda mlima. Walikuwa Waganda waliokimbia utawala wa Idi Amin: wanasheria, wahadhiri, askari, wanasiasa wa vyama vilivyopigwa marufuku. Majeshi ya Tanzania yalikuwa yamekwisha kuziteka Masaka na Mbarara na yalikuwa njiani kwenda Kampala. Lilibaki swali ambalo mizinga haikuweza kulijibu: nani ataiongoza Uganda Amin akishaondoka, na kwa idhini ya nani? Kuanzia tarehe 24 hadi 26 walikaa, wakabishana, wakatoka na chombo kimoja cha ukombozi kilichojulikana kwa kifupi cha UNLF, mwenyekiti wake akiwa Yusuf Lule, aliyewahi kuwa mkuu wa Makerere.

Vitabu vya vita vya Kagera huutaja mkutano huo haraka, kisha hurudi kwenye vifaru. Mimi naona unastahili kusomwa pia kama sura ya historia ya chuo kikuu. Miongoni mwa waliokuwa Moshi siku hizo walikuwamo Dani Nabudere, Yash Tandon na Omwony-Ojwok, na wote watatu walikuwa wamepitia Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kwa miaka kadhaa walikuwa wakijibizana na wenzao kwa kalamu juu ya tabaka, dola na ubeberu. Alikuwamo pia Yoweri Museveni, mwanafunzi wa zamani wa chuo hichohicho, sasa kiongozi wa kikundi cha wapiganaji cha FRONASA. Yaliyokuwa yakiandikwa kwenye karatasi za kudurufu yalikuwa yamepata ukumbi, ajenda na kura. Ulikuwa mtihani, na matokeo yake Afrika Mashariki imeishi nayo hadi leo.

Ili kuuelewa mtihani huo ni lazima kwanza kurudi darasani.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam walivaa majoho yao ya kitaaluma wakaandamana hadi Ikulu. Walipinga sheria ya kuwalazimisha wasomi kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara katika kipindi hicho. Bango moja lilidai kwamba afadhali enzi za mkoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha hasira ikampanda. Alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 na akawafukuza wanafunzi karibu 400. Wengi walirudishwa baadaye, lakini chuo walichokirudia hakikuwa kilekile. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, Machi ikaja Elimu ya Kujitegemea, na swali likawa limebandikwa kwenye kila mlango wa bweni: msomi aliyelelewa kwa jasho la mkulima anadaiwa nini?

Kizazi kilichofuata kililichukua swali hilo kwa moyo wote. Mwaka 1967 wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliunda umoja wao wa kimapinduzi, USARF, Museveni akiwa mwenyekiti. Jumapili asubuhi, wenzao wengine wakiwa kanisani au wamelala, wao walikuwa na darasa la itikadi. Walisoma Fanon, Lenin, Nkrumah na Mao, wakabishana mpaka jua la utosi. Novemba 1969 wakatoa jarida la Cheche, wahariri wake wakiwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alikuwa mwalimu wao na mshiriki wao. Kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972 akiwa bado Mlimani. Na mwaka 1970 toleo maalumu la Cheche lilibeba andiko la kijana wa sheria, Issa Shivji, aliyesema bila kupepesa macho kwamba ndani ya Tanzania ya Azimio kulikuwa na mapambano ya kitabaka yanayokwenda kimyakimya, na kwamba mashirika yaliyotaifishwa yalikuwa bado yameshikamana na makampuni ya nje kwa mikataba ya ubia na menejimenti.

Serikali haikuvumilia. Novemba 1970 Cheche na USARF vyote vilifutwa. Hoja iliyotolewa ni kwamba jina la jarida lilinukia itikadi ya kigeni, kwa kuwa Lenin naye aliwahi kuwa na gazeti la jina lenye maana hiyo. Vijana wakahamia kwenye Umoja wa Vijana wa TANU, wakatoa MajiMaji, jina ambalo hakuna aliyeweza kulikana. Nawaheshimu sana kwa hilo. Wangeweza kususa, wakaamua kuendelea kuandika.

Ndiyo maana mwaka 1976, Shivji alipotoa kitabu chake kikubwa juu ya mapambano ya kitabaka nchini Tanzania, na Mahmood Mamdani, aliyekuwa akifundisha Mlimani, akatoa chake juu ya siasa na tabaka nchini Uganda, uwanja ulikuwa umeshalimwa. Nabudere alivipinga vyote viwili. Kwa maneno yangu, hoja yake ilikuwa hivi: mnapoteza muda kuwahesabu warasimu na vibwanyenye wa ndani kana kwamba wao ndio wenye nchi, wakati mwenye nchi ni mtaji wa mabeberu. Wa ndani ni mawakala wake tu. Kama ndivyo, basi kazi ya wakati huu ni kuwaunganisha wote wanaoumizwa na ubeberu, hata wenye mali kidogo, katika umoja mmoja wa kitaifa wa kidemokrasia. Wa upande wa pili wakajibu kwamba umoja wa namna hiyo unamficha mnyonyaji wa karibu nyuma ya mnyonyaji wa mbali. Mkulima anayekatwa bei na afisa wa kijiji chake hataelewa kwa nini asubiri mpaka London ianguke kwanza.

Tandon na Omwony-Ojwok walisimama na Nabudere. Hirji, Mamdani na wengine walijibu kwa ukali. Karatasi zilidurufiwa, zikapita mkono kwa mkono, zikaandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu, zikajibiwa kwa karatasi nyingine. Baadaye, mwaka 1982, Tandon alizikusanya na Tanzania Publishing House ikazichapa kitabu, Abdulrahman Babu akiandika utangulizi. Ukikisoma leo unachoka na matusi ya kinadharia. Watu wanaitana wasaliti wa Lenin kwa sababu ya aya moja. Lakini chini ya matusi hayo kuna jambo zito, na wenyewe walilijua kuwa ni zito. Waganda waliokuwa wakibishana pale hawakuwa na nchi ya kurudi. Kwao swali la nani ni adui na nani ni mwenza lilikuwa swali la namna ya kurudi nyumbani.

Na Moshi? Mji ulioandaliwa kuwa ukumbi wa mabishano hayo ulikuwa na mabishano yake, ya zamani kuliko chuo kikuu chenyewe.

Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro, wakiongozwa na Joseph Merinyo, waliunda chama cha kutetea haki yao ya kulima kahawa. Walowezi walikuwa wamekazana kwamba Mwafrika asiruhusiwe kulima arabika: eti ataleta magonjwa shambani, eti atawaibia. Kilichowauma zaidi ni kwamba mtu mwenye kahawa yake kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani kwake, haendi kuwa kibarua kwenye shamba la mlowezi. Wachaga walishinda mabishano hayo, wakati ng'ambo ya mpaka, Kenya, Waafrika walikuwa bado wamekatazwa zao hilo. Mwaka 1933 chama kilivaa sura mpya ya ushirika, ikazaliwa KNCU. Kisha serikali ikaamuru kahawa yote ipitie humo. Bei ilipoanguka, wakulima wakauliza ushirika wa lazima ni ushirika gani. Mwaka 1937 ghasia zikazuka katika sehemu kadhaa za mlima, maghala ya vyama yakavamiwa, na baadhi ya viongozi wa upinzani wakapelekwa uhamishoni mbali na kwao. Miaka 30 kabla ya darasa la Jumapili la Mlimani, watu wa Machame, Kibosho na Marangu walikuwa wanajadili bei, dola na uwakilishi, na walikuwa wanalipa kwa miili yao.

Baada ya vita kuu ya pili mjadala ukahamia kwenye utawala. Mwaka 1951 Thomas Marealle alichaguliwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachaga wote, na kwa miaka michache mlima ukawa na sauti moja, hata gazeti lake, Komkya. Kufika mwishoni mwa muongo huo kundi lililoongozwa na Solomon Eliufoo lilikuwa linauliza kwa nini kiongozi akae maisha yake yote. Swali likapelekwa kwa wananchi, na mwaka 1960 wakachagua kuwa na rais wa kuchaguliwa badala ya mangi. Eliufoo ndiye huyo aliyekuja kuwa Waziri wa Elimu wa Tanganyika huru.

Ninalisisitiza hili kwa sababu wasomi wa Mlimani walipoiandika Kilimanjaro mara nyingi waliiandika kama mfano wa tatizo. Katika karatasi za miaka ile mkulima wa kahawa ni kulaki, mkulima tajiri anayeajiri vibarua na kuuzuia ujamaa usiingie kijijini. Lilikuwapo tone la ukweli. Nyerere mwenyewe, katika andiko lake la Ujamaa Vijijini la mwaka 1967, alionya juu ya kuzuka kwa waajiri na waajiriwa mashambani, na ni kweli kwamba kahawa iliwatajirisha baadhi ya watu, wakanunua malori na kujenga nyumba za kupangisha mjini. Lakini mwenye kihamba wa kawaida alikuwa na kipande kidogo chenye migomba, kahawa chini ya migomba, ng'ombe mmoja au wawili wa zizini, na mfongo wa maji unaopita mpakani mwa jirani. Kwa mila, mtoto wa kiume wa kwanza na yule wa mwisho ndio waliokuwa na uhakika wa ardhi. Wa katikati walitakiwa kujitafutia. Wengine walishuka tambarare, wengine wakafungua maduka Dar es Salaam, na wengine wakasoma, kwa ada iliyotokana na magunia ya kahawa na shule za misheni ambazo mlima ulikuwa nazo nyingi mapema. Basi kulaki aliyekuwa akishutumiwa Mlimani, ukumbini Nkrumah Hall, alikuwa mara nyingine baba mzazi wa aliyekaa safu ya tatu.

Je, kijana huyo alisema nini? Sidhani kama mtu anaweza kujibu kwa niaba ya wote. Ila wapo waliolibeba swali hadi kwenye taaluma yao. Arnold Temu, mtoto wa Kilimanjaro, alihariri pamoja na Isaria Kimambo, aliyezaliwa Upare, kitabu cha historia ya Tanzania cha mwaka 1969 kilichomweka Mwafrika kuwa mtendaji wa historia yake. Miaka 12 baadaye Temu huyohuyo, akishirikiana na Bonaventure Swai, aliandika kuikosoa historia ya namna ile kwa kutazama mno utaifa na kuwasahau wakulima na wafanyakazi. Kumwona msomi akirudi kwenye kazi yake mwenyewe na kuihoji hadharani ni jambo ambalo vyuo vyetu vinapaswa kulifundisha zaidi ya vinavyolifundisha sasa.

Wakati huo huo, chini ya mlima palikuwa na chuo kingine, ambacho Mlimani hawakukitazama sana. Chuo cha Ushirika Moshi kilianza mwaka 1963, na kazi yake ilikuwa kuwafunza makatibu, watunza hesabu na maofisa wa vyama vya ushirika nchi nzima. Hapa hapakuwa na Fanon. Palikuwa na leja, hati za mapokezi ya mazao, sheria ya ushirika, na swali la namna ya kumzuia katibu asile fedha za wanachama. Swali hilo halikuwa dogo: tume iliyoundwa na Rais mwaka 1966 ilikuta ubadhirifu na upendeleo katika vyama vingi nchini. Ukiniuliza mimi, mabishano juu ya leja na mabishano juu ya tabaka yalikuwa yanazungumzia kitu kimoja, na ni hasara kwamba vyuo hivi viwili havikukaa meza moja.

Kisha ikaja tarehe 14 Mei 1976. Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika vyote nchini. Vijiji, chini ya sheria ya mwaka 1975, vilifanywa ndio vyama vya ushirika, na mazao yakapewa mamlaka za serikali. Ya Kilimanjaro yakaenda kwa Mamlaka ya Kahawa. KNCU, iliyovuka walowezi, ghasia za mwaka 1937, vita kuu na uhuru, ilifutwa bila wanachama kuulizwa kwa kura. Ulikuwa mwaka uleule Shivji na Mamdani walipotoa vitabu vyao. Mlimani walikuwa na nadharia ya kueleza kilichotokea: warasimu wamekula nafasi ya wakulima matajiri. Huenda ni kweli. Lakini katika kurasa zile zote ni nadra kumsikia mwanachama wa chama cha msingi akisema kwa kinywa chake alichopoteza. Maandiko yalikuwa ya Kiingereza, kikao kilikuwa cha Dar es Salaam, na mchuma kahawa hakualikwa.

Na tukisema mchuma kahawa tuseme kweli: mara nyingi alikuwa mwanamke. Yeye ndiye aliyechuma, aliyemenya kwa mashine ya mkono, aliyeosha na kuanika. Jina kwenye daftari la chama kwa kawaida lilikuwa la mwenye kihamba, na mwenye kihamba alikuwa mume. Hata mkutano mkuu wa chama cha msingi, tunaousifu kama baraza la demokrasia ya mlima, ulimwacha nje mtu aliyefanya nusu ya kazi au zaidi. Mlimani nako wasichana walikuwa wachache, na Zakia Meghji kuwa mhariri wa Cheche kulikuwa jambo la pekee. Mlango ulikuwa mwembamba huku na huku.

Hiyo ndiyo Moshi iliyowapokea Waganda. Mpaka wa Holili na Taveta, mwendo mfupi mashariki ya mji, ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, na ungebaki umefungwa hadi Novemba 1983. Mji uliozoea magari ya Nairobi ulikuwa umetulia. Maduka yalikuwa yanaanza kuwa matupu, vijana walikuwa vitani, na ushirika wa wenyeji ulikuwa umefutwa karibu miaka mitatu. Katika mji ambao mabishano yake yenyewe yalikuwa yamezimwa, yaliletwa mabishano ya jirani.

Jambo la kwanza lililowashughulisha wajumbe lilikuwa nani ana haki ya kukaa. Vikundi vilivyojitokeza vilizidi ishirini. Vingine vilikuwa na wapiganaji mstari wa mbele, kama Kikosi Maalum kilichokuwa upande wa Milton Obote na FRONASA ya Museveni. Vingine vilikuwa na jina, barua na watu wachache waliokutana Nairobi au London. Kila kikundi kihesabiwe kura moja? Mwenye askari mia kadhaa alingane na mwenye mhuri tu? Muda mwingi ulikwenda hapo, na haikuwa kupoteza muda. Ni swali lilelile la uwakilishi ambalo wakulima wa mwaka 1937 waliliuliza kwa mawe, na ambalo wahadhiri waliliuliza kwa nadharia.

Obote mwenyewe hakuwapo. Alikuwa Dar es Salaam, mgeni wa Nyerere tangu mwaka 1971, na Nyerere alimshauri asiende kwa kuwa jina lake lingevunja kikao. Watu wake walikwenda, Paulo Muwanga akiwa mbele yao. Mwishowe Lule akapata uenyekiti, Muwanga akapewa kamati ya kijeshi, Nabudere ile ya siasa na diplomasia, na Edward Rugumayo, waziri wa elimu wa Amin aliyejiuzulu mwaka 1973, akawa mwenyekiti wa Baraza la Ushauri la Taifa, lililokusudiwa kuwa bunge la mpito, Omwony-Ojwok akiwa katibu wake. Tandon alikuwa miongoni mwa waliohangaika kwa miezi kuwaleta pamoja watu waliokuwa hawasalimiani.

Tazama sura ya chombo hicho: watetezi wa ufalme na wajamhuri, Wakatoliki na Waprotestanti, wafuasi wa Obote na walioapa kumzuia, wanamapinduzi na wenye maduka. Ni umoja wa kitaifa wa kidemokrasia kama Nabudere alivyouandika Mlimani, sasa una mhuri na orodha ya majina. Sijui nadharia nyingine ya chuo kikuu katika ukanda wetu iliyotoka kwenye karatasi hadi kwenye serikali kwa muda mfupi hivyo. Tarehe 11 Aprili Kampala ilianguka. Siku mbili baadaye Lule aliapishwa.

Alidumu siku 68. Alianza kuteua mawaziri bila kuyapeleka majina kwenye Baraza, akishikilia kwamba rais ana madaraka hayo kikatiba. Baraza likajibu kwamba makubaliano ya Moshi yalilipa nguvu ya kuidhinisha. Kila upande ukawa unasimulia Moshi yake. Tarehe 20 Juni 1979 Baraza likamwondoa na kumweka Godfrey Binaisa, na watu wa Kampala wakamiminika barabarani kumtaka Lule wao. Wasomi wa Baraza waliwaona kama watu waliopotoshwa na ukabila. Mimi nadhani waliona jambo lililo wazi: mkataba wa kuiongoza nchi yao ulikuwa umeandikwa katika mji wa ng'ambo ambao hawakuwahi kuuona, na watu ambao hawakuwatuma. Binaisa naye akaondolewa Mei 1980, safari hii na kamati ya kijeshi. Wale wanne waliokuwa wakisemwa kuwa bongo za UNLF, Nabudere, Rugumayo, Tandon na Omwony-Ojwok, wakarudi uhamishoni, Nairobi. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukamrudisha Obote kwa matokeo yenye utata, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni.

Mamdani, aliyekuwa amerejea Makerere, alilitathmini jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1983 juu ya ubeberu na ufashisti Uganda. Mabishano ya Mlimani yalikuwa yanaendelea, ila sasa yalikuwa na makaburi ndani yake. Waganda wa kizazi kile waliendelea kutaja roho ya Moshi kila walipotaka kukumbushana umoja, na sina sababu ya kuwadharau. Kukaa siku tatu na mtu uliyeapa hutakaa naye si jambo dogo. Kosa halikuwa kukutana Moshi. Kosa lilikuwa kudhani kwamba waliokutana wanatosha.

Kwa hiyo natazama kwa makini zaidi jambo lililotokea miaka 12 baadaye hapa nyumbani. Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi alimteua Shivji, yuleyule wa Cheche, kuongoza tume ya kuchunguza masuala ya ardhi. Tume ilizunguka mikoa ya Tanzania Bara hadi mwaka 1992, ikafanya mikutano ya hadhara vijijini na mijini, kwa Kiswahili, ikaandika malalamiko ya watu kama walivyoyasema. Serikali haikuyakubali mapendekezo yake makubwa. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilibakiza mamlaka ya juu kwa Rais, wakati tume ilitaka yatawanywe. Lakini ripoti ipo, na ndani yake wakulima wanaongea. Kati ya kijana aliyeandika mwaka 1970 juu ya mapambano ya kimyakimya na mwenyekiti aliyekaa chini ya mwembe kusikiliza mtu akieleza namna alivyonyang'anywa shamba, kuna safari ambayo wasomi wengi hawaimalizi.

Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na KNCU ikafufuka mwaka 1984, ikiwa imepoteza mengi. Miaka ya 1990 soko la kahawa lilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na wakulima wengi, wakiona bei haitabiriki, wakaipa migomba na mboga nafasi ya mibuni. Chuo cha Ushirika kiliwekwa chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 2004, kisha mwaka 2014 kikawa chuo kikuu kamili. Leo maelfu ya vijana kutoka mikoa yote wanapanga vyumba Moshi ili wasome hapo, na wengi wao ninaozungumza nao wanamjua Rodney kwa jina na hawajawahi kusikia kwamba mkutano wa mwaka 1979 ulifanyika katika mji wanaoishi.

Nabudere alifariki mwaka 2011. Omwony-Ojwok alimtangulia mwaka 2007. Waliokuwa vijana wakati KNCU inafutwa sasa ni wazee wa miaka sabini na kupanda, na bado wako Uru, Kibosho, Mwika na Rombo, na kumbukumbu zao ni nzuri. Pendekezo langu kwa Chuo Kikuu cha Ushirika ni hili, na halihitaji mfadhili: siku moja ya Jumamosi, mdahalo wa wazi kwa Kiswahili juu ya uamuzi wa mwaka 1976 na juu ya nani anaumiliki ushirika leo. Wahadhiri waje na karatasi zao. Wanafunzi waje na maswali. Ila wanachama wa vyama vya msingi, wanawake kwa wanaume, ndio wapewe saa ya kwanza, na mtu yeyote asiwakatize.